Njia ya Mgori baada ya mvua ya kwanza

Ukimwambia bodaboda wa Singida mjini kwamba unakwenda Mgori, na huo ni mwezi wa Desemba, hataji bei kwanza. Atakuuliza kama unajua huko kumenyesha lini. Usipojua, atampigia simu mwenzake wa huko, wataongea Kinyaturu kwa muda, ndipo atakutajia bei, na bei hiyo haitafanana na ya Septemba. Mimi nilimpata wa namna hiyo, kijana mwembamba aliyevaa gambuti na koti la mvua asubuhi ya jua kali. Kabla hatujaondoka aliinama akapunguza upepo kwenye tairi la nyuma kwa ncha ya ufunguo.

"Mbona unautoa?" nikamuuliza.

"Kaka, leo tunakanyaga barabara mbili tofauti," akasema, akapiga stata.

Barabara ilikuwa moja. Tofauti ilikuwa kwenye udongo. Singida imekaa juu ya granaiti. Majabali yaliyopandana unayaona hata mjini, na kando ya maziwa ya Singidani na Kindai. Jabali likichakaa kwa miaka mingi huacha mchanga mwekundu wenye chembe kubwa, na mchanga huo umebaki miinukoni. Ule udongo laini zaidi umesombwa na maji ukatua mabondeni, ukawa mfinyanzi mweusi. Mabonde hayo ndiyo mbuga. Kiangazi, mchanga wa miinukoni ndio unaotesa: pikipiki inayumba, usukani unakukataa, na anayeendesha kwa papara anaangukia ubavu. Mbuga wakati huo ni ngumu kama sakafu ya saruji, hata lori la alizeti linapita bila shida.

Mvua ikianza, mambo yanapinduka. Mchanga unalowa, unashikana, vumbi linalala, na kwa siku kadhaa unakuwa barabara nzuri kuliko wakati wowote wa mwaka. Mbuga nayo inadanganya. Ina nyufa za kiangazi zinazoweza kumeza mguu wa mbuzi, kwa hiyo mvua ya kwanza yote inaingia humo na juu kunabaki kukavu. Ya pili inavimbisha udongo, nyufa zinajifunga. Ikija ya tatu maji hayana pa kuingia tena. Yanasimama juu, na ile sakafu inageuka tope linalojaa kwenye madigadi hadi gurudumu linaacha kuzunguka. Ndiyo maana wageni wengi hawakwami kwenye mvua ya kwanza. Hukwama kwenye ya tatu, wakiwa na ushahidi wa juzi kwamba njia inapitika.

Huku mvua ni za mkupuo mmoja. Mamlaka ya Hali ya Hewa huziita mvua za Msimu, zinazoanza Novemba na kuishia Aprili, tofauti na vuli na masika za pwani na kaskazini. Anayezikosa hana mkupuo wa pili wa kumwokoa. Hilo nilikuwa nalijua kama habari ya wakulima. Kwamba ndilo linaloamua hali ya njia za vijijini, nilikuja kulielewa mbele ya safari.

Tulishika barabara ya Ilongero. Hii ndiyo inayoendelea Mtinko hadi Haydom, mkoani Manyara, mwendo wa kilomita zipatazo 93, na kwa watu wengi wa Singida vijijini ni barabara ya hospitali: Hospitali ya Kilutheri ya Haydom imekuwa ikipokea wagonjwa tangu 1955. Ni barabara inayohudumiwa, imeinuliwa katikati na ina mitaro pande zote mbili, kwa hiyo sina mengi ya kuieleza. Greda linapopita angalau kwa kawaida, msafiri hulala usingizi kwenye basi. Mambo yalianza tulipoiacha tukashika njia ya mashariki.

Njia hizi za ndani hazikuchorwa na mhandisi. Zilianza na ng'ombe na miguu ya watu, likaja mkokoteni, kisha baiskeli, sasa pikipiki. Nyingine zinapita katikati ya mahame, pale palipokuwa na makazi kabla ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 kuwahamishia watu barabarani. Unaona mnyaa uliopandwa kwa mstari, unaona kichuguu mahali palipokuwa na tembe, na njia bado inapita uani kana kwamba mwenye nyumba yupo. Ng'ombe hufuata mteremko ulio rahisi. Maji nayo hufuata huohuo. Kwa hiyo njia ya ng'ombe ikikanyagwa miaka hamsini inazama chini ya usawa wa mashamba, na mvua ikinyesha inakuwa mfereji. Pikipiki imeongeza tatizo: kila dereva hufuata alama ya mwenzake, tairi juu ya tairi, mpaka katikati kunatokea mfuo mwembamba. Mvua mbili zikipita humo, mfuo unakuwa korongo dogo. Tatu, unashuka na kusukuma.

Tulishuka na kusukuma mara nyingi.

Penye majabali ndipo pabaya kuliko pote, na sikutarajia. Nilidhani mwamba ni usalama. Lakini jabali halinywi maji. Mvua ikinyesha juu yake, yote inateremka kwa pamoja, na kama njia inapita chini ya jabali, maji yanaifikia hata kabla hujamaliza kufunga zipu ya koti. Chini ya jabali moja, upande wa kulia wa njia, mchanga ulikuwa umechimbwa shimo la kimo cha kiuno, kuta zake bado mbichi, mizizi ya mwiba ikining'inia. Dereva alisema juma lililotangulia shimo hilo halikuwapo.

Mbele kidogo ya hapo tukawakuta watu.

Walikuwa kama thelathini, wanawake wakiwa wengi, wametawanyika kwenye mteremko na majembe, sururu, machepe mawili matatu na karai za kubebea mawe. Mtoto alikuwa analinda sufuria la uji wa uwele chini ya mti. Ulikuwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kitongoji. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee wa makamo mwenye kofia ya balaghashia iliyopauka, alisimama kando na daftari. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza tunatoka wapi, kisha akamwambia dereva wangu kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie, kwamba pikipiki inapita baada ya kubeba mawe. Ndiyo kanuni yao. Anayefika na chombo wakati kazi inaendelea anatoa safari moja ya mawe kutoka kwenye jabali hadi kwenye shimo. Dereva hakubisha. Akafungua kamba ya mpira, akafunga kiroba nyuma, akaenda. Mimi nikapewa chepe.

Kazi yenyewe ilikuwa na ufundi kuliko nilivyodhani. Kijana mmoja alikuwa anachimba mkato wa kutoa maji njiani kuyapeleka shambani, na udongo aliotoa aliutupa upande wa chini, pale panaporahisisha mkono. Bibi mmoja akaacha jembe lake, akaja, akausukuma ule udongo wote kwa mguu kuurudisha katikati ya njia, bila kusema neno, kisha akaukanyaga. Kijana akacheka, lakini mkato uliofuata alitupa juu. Fikiria kidogo utaona bibi alikuwa anafanya nini. Udongo ukikaa upande wa chini unakuwa ukuta, maji yanagonga na kurudi njiani. Ukikaa katikati, njia inainuka na maji yanatoka yenyewe. Makosa hayohayo nimeyaona kwenye barabara za gharama kubwa, greda linapoacha tuta refu la udongo ukingoni na kuuziba mtaro ambao limetoka kuuchonga.

Mikato waliichimba kwa mshazari, si kwa kukata njia moja kwa moja, na kila mmoja ulipewa mdomo mpana ili usizibwe na majani. Penye mteremko mkali waliweka mikato karibukaribu. Penye tambarare waliiachanisha. Shimo la chini ya jabali lilijazwa mawe makubwa kwanza, madogo juu, kisha mchanga. Aliyetaka kuanza na mchanga alizomewa.

Nilimuuliza mwenyekiti kwa nini wasifanye kazi hii Oktoba, watu wakiwa hawana shughuli mashambani. Alinipa sururu, akaniambia nipige mahali ambapo mvua haikuwa imefika vizuri, chini ya mti mnene. Sururu iliruka.

"Umeona, mwanangu? Oktoba ardhi ni hiyo. Na ukingoja mvua zikolee, nani atakuja? Mvua ya kwanza inalainisha. Kesho yake ni jembe la njia. Keshokutwa kila mtu yuko shambani kwake, na hata ukipiga kengele mpaka ipasuke, hampati mtu."

Hapo ndipo niliposhika jambo zima. Mahali penye mkupuo mmoja wa mvua, mbegu haisubiri. Mtama, uwele na alizeti vinataka kuingia ardhini mapema, na anayechelewa anavuna makapi. Njia na shamba vinamtaka mtu yuleyule wakati uleule. Kati ya ardhi isiyochimbika na siku isiyo na mtu kuna asubuhi moja, labda mbili. Kitongoji kilichozitumia kina njia mpaka Aprili. Kilichozikosa kitabeba wajawazito kwa machela mwezi wa pili.

Na daftari? Ni la mahudhurio. Asiyefika bila sababu anatozwa faini kwa mujibu wa sheria ndogo za kijiji. Wazee sana, wagonjwa na waliofiwa wanasamehewa. Nilipouliza nani hukwepa zaidi, mwenyekiti alimtazama dereva wangu aliyekuwa anashusha mawe, akacheka tu.

Naomba nisieleweke vibaya hapa. Kuna namna ya kusifia kazi za kujitolea ambayo inanikera, hasa ikitoka kwa watu wa mjini: wananchi wamehamasika, wameonyesha mfano, basi imetosha. Haijatosha. Wazee wa nchi hii wanakumbuka, au walisimuliwa na baba zao, enzi za ukoloni ambapo kulima barabara kulikuwa amri, na aliyekosa kodi aliilipa kwa jasho lake barabarani. Msaragambo unaheshimika kwa sababu si hivyo. Ukigeuzwa kuwa njia ya kuokoa bajeti, unaanza kufanana na amri ile. Wale watu thelathini waliweza kuchimba mikato na kujaza mawe. Hawawezi kutengeneza kalavati. Mwisho wa mteremko wao kulikuwa na mkondo mdogo ambao ungemalizwa na kalavati mbili za saruji, na hapo hawakugusa, maana kila walichowahi kuweka kilichukuliwa.

Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulianza kazi Julai 2017 ukirithi barabara zilizokuwa chini ya halmashauri, na bajeti ya 2021/22 iliongeza shilingi 100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizo. Bodaboda wangu anazilipa shilingi hizo kila asubuhi. Lakini fedha hufuata barabara zilizo kwenye orodha ya mtandao, na njia za vitongoji, zilizo nyingi kuliko hesabu, hazimo. Sisemi zote ziingizwe. Nchi haina uwezo huo. Nasema kati ya lami na jembe kuna hatua ya katikati iliyo rahisi: kijiji kitoe mikono, mawe na mchanga, serikali itoe kalavati, saruji na fundi wa siku mbili, na vifike kabla ya Novemba.

Watu wa upande huu hawahitaji kufundishwa kusimamia mali yao. Katikati ya miaka ya 1990, Msitu wa Mgori, hekta zipatazo 44,000 za miombo, ulikuwa katika hali mbaya na mpango ulikuwa kuufanya hifadhi ya serikali. Vijiji vinavyouzunguka vikapewa nafasi ya kuulinda vyenyewe, kama ilivyokuwa imeanza katika msitu wa Duru-Haitemba kule Babati. Viligawana msitu, vikasafisha mipaka, vikaweka sheria ndogo na walinzi wao vijana, ambao hawakuwa na mshahara. Uzoefu wa misitu hiyo miwili ulichangia Sera ya Misitu ya 1998 na baadaye Sheria ya Misitu ya 2002, inayotambua msitu wa kijiji. Mipaka iliyosafishwa kwa panga ndiyo iliyokuwa njia ya doria, na njia ya doria isiyofyekwa kila msimu hufungwa na vichaka hadi msitu ukose macho.

Tuliruhusiwa kupita karibu na saa sita. Mawingu yalikuwa yameanza kupanda upande wa Hanang, na mlima wenyewe, wenye zaidi ya mita 3,400, ulikuwa umekwisha kufunikwa. Dereva aliangalia huko mara mbili. Watu wa eneo hili hawautazami mlima huo kama zamani. Asubuhi ya Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mteremko wake iliporomoka. Tope, mawe na magogo yakaingia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 wakafa. Wengi walikuwa majumbani mwao.

Korongo tulilolikuta lina mchanga mweupe na upana wa viwanja viwili vya nyumba. Kwetu jua lilikuwa linawaka. Hapakuwa na tone. Na bado maji yalikuwa yanapita, ya rangi ya chai ya maziwa, yakivuta matawi. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, huko juu, na maji yalikuwa yamesafiri kuja kutukuta. Ng'ambo walisimama vijana wawili na pikipiki yao, wanatutazama. Mmoja wetu angejaribu kwanza, mwingine angemfuata. Hivyo ndivyo watu wanavyokufa kwenye makorongo, kwa kutazamana.

Dereva wangu alikata kijiti, akakichomeka kwenye mchanga pale hasa maji yalipoishia, akakaa kwenye kivuli. Maji yakikipita kijiti, yanapanda, na unarudi ulikotoka. Yakikiacha, yanashuka, na unangoja. Hakuna kingine cha kujadili. Maji yanayokwenda kasi, yakifika magotini tu, yanamwangusha mtu mzima; nusu mita inatosha kuelea na kusogeza gari dogo. Kibaya zaidi ni chini: mchanga wa korongo huchimbwa maji yakiwa juu yake, na mahali ulipovuka asubuhi kwa kifundo cha mguu panaweza kuwa na shimo jioni.

Tulingoja mpaka maji yakakiacha kijiti, kwanza kidole kimoja, kisha shubiri. Bado hakuvuka. Akavua gambuti, akavuka kwa miguu akiwa na fimbo, akipapasa mbele, akarudi, ndipo akaiwasha pikipiki na kuipitisha yeye peke yake. Mimi nilivuka kwa miguu nyuma yake. Mizigo ya abiria, alisema, haivuki juu ya pikipiki, na abiria pia.

Wakati tunangoja radi ilianza kusikika. Ukiona mwanga, hesabu mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja, na ikiwa chini ya sekunde thelathini, uko ndani ya eneo la hatari. Mbuga ni tambarare, na mtu juu ya pikipiki ndiye aliye mrefu kuliko vitu vyote vya karibu, isipokuwa mbuyu mmoja ambao ndio kila mtu hukimbilia. Usiukimbilie. Gambuti za mpira nazo hazikingi chochote, hata kama mjomba wako amekuapia. Shuka kwenye chombo, kiache mbali, tafuta nyumba au gari lililofungwa. Usipopata, kaa mahali pa chini pasipo na maji, peke yako, mbali na mti na mbali na wenzako.

Mengine ni madogo lakini yanaumiza. Kifutu hutoka kwenye majani jioni, hulala njiani na hakimbii kelele. Jua huzama saa moja kasorobo hivi, na njia yenye mifuo huonekana tambarare kwenye taa. Mshikaki wa watu watatu kwenye pikipiki moja, ambao kiangazi huishia kwenye mikwaruzo, kwenye tope huishia kwenye mifupa. Na usitembee bila kumwambia mtu unapitia wapi, maana simu huku inashika penye mwinuko tu, na makorongo hayako penye mwinuko.

Mgori tulifika kabla ya mvua. Kurudi, siku iliyofuata, tulipita tena kwenye mteremko wa msaragambo. Kulikuwa kumenyesha usiku kucha. Mikato ilikuwa imefanya kazi. Kila mmoja ulikuwa umemwaga shambani ulimi wa mchanga mpya, na njia katikati ilikuwa imeinuka na ngumu. Mashamba pande zote yalijaa watu wanapanda, na hakuna aliyeinua kichwa. Chini, kwenye ule mkondo usio na kalavati, lori dogo la mizigo lilikuwa limenasa, magurudumu ya nyuma yamezama hadi ekseli, na utingo alikuwa anakata matawi ya kuyawekea.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na kutoka hapo hadi mvua ya kwanza ya Singida kuna miezi isiyopungua minne. Halmashauri inayosoma hapa, mpeni mwenyekiti wa kitongoji kile kalavati zake mbili ndani ya miezi hiyo. Na wewe unayepita huko Desemba, ukiwakuta watu na majembe, usipige honi. Shuka, ubebe mawe.